Je, Wajua? Feni Kubwa, Kasha la Kompyuta na Joto la Tabora

Oktoba ndiyo mwezi mgumu kwa kompyuta za Tabora. Mvua bado haijaanza, vumbi limetanda, na mchana joto linavuka nyuzi 30. Ndani ya stesheneri yenye paa la bati lisilo na dari, ambamo printa, mashine ya fotokopi na sipiyu vinafanya kazi pamoja kutwa nzima, hali huwa mbaya zaidi. Kompyuta inaanza kunguruma, kisha inakuwa nzito, kisha inajizima katikati ya kazi ya mteja. Hapo ndipo fundi anapotoa ushauri wake wa siku zote: "Bosi, funga feni kubwa." Ushauri huo ni mzuri, ila una masharti yake, na baadhi ya masharti hayo yanajulikana magharibi mwa Tanzania tangu zamani, kabla hata ya umeme.

Je, wajua kwamba feni haipozi hewa? Mtu akipulizwa na feni husikia ubaridi kwa sababu jasho lake linakauka na kuondoka na joto la mwili. Kompyuta haitoki jasho. Kwake feni ni mchukuzi tu: inaokota hewa ya chumbani, inaipitisha kwenye vyuma vilivyopata moto, inaitupa nje. Kama chumba kina nyuzi 33, hakuna feni, iwe ndogo au kubwa, itakayoshusha prosesa chini ya nyuzi 33. Tena kompyuta yenyewe inaongeza joto humo ndani, kwa kuwa karibu umeme wote inaoula huishia kuwa joto. Mashine inayokula wati 300 ni hita ya wati 300 uliyoiwasha mwenyewe chini ya meza. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani kununua feni, fungua dirisha. Halafu vuta meza mbali na ukuta, maana sipiyu iliyosukumwa hadi kona inavuta tena hewa ileile iliyoitoa.

Je, wajua kwamba feni ileile ina nguvu kidogo zaidi Dar es Salaam kuliko Tabora? Tabora iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 13 hivi. Kinachobeba joto ni uzito wa hewa, wala si ukubwa wa nafasi inayojaza. Tuchukue mashine ya wati 300, na tuseme hewa inayotoka nyuma yake isizidi ile inayoingia kwa zaidi ya nyuzi 10. Dar es Salaam, kwenye joto la nyuzi 30, utahitaji kupitisha lita 26 za hewa kila sekunde. Tabora, kwa joto hilohilo, utahitaji karibu lita 30. Feni haijui iko mji gani. Ikizunguka kwa kasi ileile inasukuma lita zilezile, ila za Tabora zinabeba mzigo mdogo zaidi. Ndiyo maana kompyuta iliyokuwa imetulia Kariakoo inaweza kufika Tabora ikaanza kulalamika, na aliyeiuza akalaumiwa bure. Nafuu ya Tabora ni usiku, kwani hewa ya nyanda za juu hupoa jua likizama, wakati ya pwani inabaki na fukuto lake.

Urefu huohuo wa nchi unaihusu hata diski ngumu ya kizamani. Kichwa chake cha kusomea hakigusi sahani. Kinaelea juu ya tabaka jembamba la hewa, na viwanda vingi huidhinisha diski hizo zitumike hadi mita 3,000 hivi. Tabora hamna shaka. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, acha diski, beba kalamu.

Sasa tuje kwenye feni yenyewe. Je, wajua kwa nini feni pana hushinda feni ndogo tatu? Feni ya sentimita 12 ina eneo mara 2 na robo ya lile la feni ya sentimita 8. Ukienda hadi sentimita 20, eneo linakuwa mara 6 na zaidi. Lakini hesabu haiishii kwenye eneo. Kanuni ya wahandisi wa feni inasema kwamba, umbo na kasi ya kuzunguka vikiwa vilevile, kiasi cha hewa hukua kwa upana uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Feni ya sentimita 8 inayozunguka mara 2,500 kwa dakika husukuma hewa ambayo feni ya sentimita 12 itaisukuma kwa mizunguko kama 740 tu. Kwa makadirio ya kanuni hizohizo, kelele hushuka kwa desibeli 14 hivi, na sikio la mtu huhesabu punguzo la desibeli 10 kuwa ni nusu ya kelele. Mzunguko mdogo maana yake pia ni beringi inayokaa muda mrefu kabla ya kuanza ule mlio wa kukwaruza ambao kila mwenye kompyuta ya mtumba anaujua.

Hapa ndipo wauzaji wengi hunyamaza. Feni pana inayozunguka polepole ni nyonge mbele ya kizuizi. Katika mfano huo wa sentimita 8 na 12, ile kubwa inasukuma hewa nyingi sawa na ndogo, lakini kwa shinikizo ambalo ni kama moja ya tano tu ya lile la ndogo. Ukiiweka nyuma ya bati lenye vitundu vidogo, au nyuma ya chujio lililoziba kwa vumbi, au mbele ya furushi la nyaya, itazunguka kwa madaha na hewa haitapita. Feni kubwa ni kifaa cha njia nyeupe. Njia ikiwa mbovu, feni ndogo yenye kelele inaweza kuishinda, na mteja akadhani ameibiwa.

Je, wajua kwamba wafua chuma wa Ufipa walikuwa na "feni" isiyo na panga hata moja? Ukiiacha njia ya zamani ya misafara pale Tabora na kushuka kusini-magharibi, utafika nchi ya Wafipa, mkoani Rukwa. Huko yamebaki malungu, matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia mawe ya chuma, mengine yenye urefu wa mita 3. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameyachunguza kwa miaka mingi. Lungu halikuhitaji mtu wa kuvuvia. Chini lilizungukwa na matundu yenye mirija ya udongo. Moto ukishika, hewa ya moto inapanda, na hewa baridi inavutwa yenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichopatikana kilipelekwa baadaye kwenye tanuru dogo, kintengwe, ambalo ndilo lililotumia mivukuto.

Nimepiga hesabu ya mvuto wa lungu. Mita 3 za gesi yenye joto la nyuzi kama 800 katikati ya hewa ya nyanda za Ufipa hutoa shinikizo la paskali zipatazo 20. Feni nzuri ya kasha la kompyuta hutoa paskali kati ya 10 na 20. Yaani wale wazee, kwa udongo na urefu tu, walipata msukumo ambao leo tunaununua dukani ukiwa na waya na plagi.

Mahesabu hayohayo yanaivunja imani moja ya vijiweni. Utasikia watu wakibishana kwamba feni ya kutoa hewa lazima iwe juu "kwa sababu hewa moto hupanda". Hupanda, ndiyo, lakini kasha lina urefu wa sentimita 45, na joto la ndani linazidi la nje kwa nyuzi chache tu. Mvuto wake haufiki hata robo ya paskali. Feni yoyote inayofanya kazi inauzidi mara nyingi mno. Ukiwa na nafasi, weka ya kuingiza mbele chini na ya kutoa nyuma juu, kwa sababu njia hiyo inapita juu ya vifaa vyote. Usiiweke kwa kuogopa kupigana na hewa moto. Hewa hiyo haina ubavu huo.

Je, wajua kwamba nyuki wa Tabora hupoza mzinga kwa mlango mmoja? Tabora ni nchi ya asali, na ndipo kilipo chuo cha kufundishia ufugaji nyuki. Mzinga wa gogo uliotundikwa juu ya mti porini hauna dirisha wala bomba, lakini chumba cha majana hubaki kwenye nyuzi 34 hadi 36. Joto likizidi, nyuki hupanga foleni mlangoni na kupiga mbawa bila kuruka, wakiitoa hewa nje. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Jacob Peters na wenzake, walieleza ujanja wao: nyuki hukusanyika kwenye sehemu ya mlango ambako hewa ni ya moto zaidi, wanaitoa hapo, na hewa mpya inaingia yenyewe kwenye sehemu iliyoachwa wazi. Hakuna nyuki mkuu anayetoa amri. Kila mmoja anafuata joto analolisikia pale alipo. Kompyuta haina akili hiyo ya kugawana mlango mmoja. Ukiweka feni ya kutoa karibu sana na ya kuingiza, zitabadilishana hewa ileile zenyewe kwa zenyewe, na prosesa itaendelea kuungua pembeni.

Vipi kuhusu tembe? Pale Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, limehifadhiwa tembe walimokaa wapelelezi Stanley na Livingstone mwaka 1872. Ukuta wake ni mnene, na ukiingia saa nane mchana unasikia tofauti mara moja. Wapo wanaotoa mfano huo kutetea kasha zito la chuma nene. Mfano haufai hapa. Tembe linazuia joto linalotoka nje lisiingie upesi. Kompyuta inazalisha joto lake ndani. Kuta nene zingelifungia humo. Kama unatafuta somo kwenye tembe, liweke kwenye chumba: chumba chenye ukuta mnene na dari ni rafiki wa kompyuta kuliko kibanda cha bati, hata kama kibanda kina feni mbili.

Na kama unakata video za harusi, kazi inayochemsha prosesa kuliko zote, wapagazi wa zamani wa Kinyamwezi wana ushauri. Katika njia ya kilomita zipatazo 1,200 kati ya Bagamoyo na Ujiji, misafara iliondoka alfajiri na kutua mizigo kabla jua halijawa kali. Kazi nzito ifanye asubuhi. Mchana chapa barua.

Tuje kwenye bati la kasha lenyewe. Kasha nyingi za kompyuta za mtumba zinazofika mikoani zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi zenye kiyoyozi, zikiwa na nafasi ya feni ya sentimita 8 au 9 tu. Kwa hiyo kufunga feni kubwa mara nyingi maana yake ni kukata tundu, hasa kwenye mfuniko wa pembeni.

Ng'oa mfuniko kwanza, utoke nao nje kabisa. Usikate ukiwa umeegemea kompyuta, hata iwe imezimwa, kwa sababu chembe za chuma zikidondokea kwenye ubao wa saketi zitakaa kimya hadi siku utakapowasha umeme. Weka feni juu ya karatasi ngumu, chora mduara wa ndani na alama za skrubu. Kwa feni ya sentimita 12, umbali kati ya tundu la skrubu na jingine ni milimita 105; kwa ya sentimita 14 ni milimita 124.5. Za sentimita 20 hazina kipimo kimoja, kila kampuni ina chake, basi inunue kwanza ndipo upime. Kata kwa msumeno mwembamba, lainisha kingo kwa tupa, futa chembe zote kwa kitambaa kibichi, acha mfuniko ukauke, ndipo uurudishe. Funga na wavu kwa nje. Watoto wana vidole, na mijusi wa ukutani wanapenda joto.

Feni ina upande wa kuvuta na upande wa kutoa. Tazama fremu: upande wenye mikono inayoshikilia mota, ambako huwa pamebandikwa lebo, ndiko hewa inakotokea. Ukiwa na wasiwasi, sogeza kipande cha karatasi laini. Kikinata, hapo ndipo inapovuta. Nyaya zake ni za volti 12. Ya pini 3 au 4 inaingia kwenye ubao wa saketi, na ile pini ya nne huruhusu ubao kupunguza na kuongeza kasi kulingana na joto. Soketi nyingi za ubaoni zimepewa kikomo cha ampea 1, na feni moja ya kawaida haifiki hata nusu yake. Usiunge nne kwenye soketi moja kwa ubahili wa nyaya. Jihadhari na kompyuta za ofisi za Dell: nyingi zina plagi ya feni ya aina yake, na ukiing'oa ile ya asili mashine haiwaki kimya kimya, bali inakuandikia onyo kila asubuhi.

Je, wajua dawa ya bei nafuu ya vumbi? Hakikisha feni zinazoingiza hewa zinazidi zile zinazotoa. Ndani ya kasha kutakuwa na shinikizo kidogo, hewa itasukumwa nje kupitia nyufa zote ndogo, na vumbi halitapata mahali pa kupenya ila kwenye feni ya kuingiza, ambako utaweka chujio. Kipande cha soksi nyembamba ya nailoni ya kike kinatosha, mradi ukioshe. Kisipooshwa ndicho kile kizuizi tulichokisema ambacho feni pana haikiwezi. Na ule mtindo wa kuvua mfuniko na kuielekezea kompyuta feni ya mezani? Siku mbili tatu utaona nafuu. Baada ya mwezi wa kiangazi utakuta prosesa imevikwa blanketi la vumbi.

Je, wajua kwamba kompyuta yako nzito huenda haina virusi hata kimoja? Prosesa za kisasa zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Mwenye nayo anaona mambo yanakwenda kinyonga, analipia programu ya kuua virusi, tatizo linabaki. Ikiwa asubuhi inakimbia na saa tisa mchana inajikokota, kwanza tazama mapanga ya feni. Kapasita nazo ni waathirika wa kimya: kwa kanuni ya mafundi, kila unapopunguza nyuzi 10 umri wake hukaribia kuongezeka maradufu.

Si kila mtu aliipenda feni. Apple III ya mwaka 1980 ilitengenezwa bila feni, ikapata sifa mbaya ya kuchemka. Macintosh ya kwanza, mwaka 1984, nayo haikuwa nayo, kwa kuwa Steve Jobs hakutaka kelele. Kampuni ikasalimu amri mwaka 1987, ilipoitia feni Macintosh SE. Huku kwetu habari ilikuwa nyingine: kompyuta ya kwanza Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Marufuku ilipokuja kulegea na kompyuta za mezani zikaanza kusambaa mikoani, zilikuja na vifeni vyake vidogo, na vingi vya aina hiyo ndivyo vinavyolia hadi leo.

Gharama ya umeme isikutishe. Feni ya wati 3 ikizunguka saa 10 kila siku kwa mwezi mzima haimalizi uniti 1 ya Luku.

Hukumu yangu ni hii: kama kasha lako lina nafasi ya sentimita 12 au 14 mbele na nyuma, nunua feni mbili za namna hiyo, inatosha, achana na ile ya sentimita 20. Kama halina, kata tundu moja la sentimita 12 kwenye mfuniko na uliwekee chujio. Lakini kwanza, kila Septemba kabla joto halijapanda, chomoa waya ukutani, fungua kasha, shika mapanga yasizunguke, na upige brashi vumbi lote. Huenda ukagundua feni uliyonayo ilikuwa inatosha.